Riwaya Dhaifu

Jumanne, Dundee, mvua ya kulalia upande.
Ghorofa ya tatu ya kiwanda kilichosokota magunia
hadi babu yake Struan akatoka humo kiziwi.
Siku hizi tunasokota dunia zisizokuwapo.
Mhairi kashika kalamu nyekundu, ubaoni kaandika:
HALDA ILIZAMA, AU HAIKUZAMA?

Kwa asiyeijua Nchi ya Chumvi, nieleze kidogo.
Mwisho wa mchezo wa pili lango la bahari linafunguka,
na wewe mchezaji unapewa mawili:
uuzamishe mji wa Halda, watu na paka na tanuri zake,
ama umtoe Ivo, mtoto aliyekubebea taa toka mwanzo,
umkabidhi kwa kile kilichomo langoni.
Kila mtu alichagua kwake, sebuleni, mlango umefungwa.
Sasa tunatengeneza wa nne,
na wa nne hauwezi kuanza na bahari mbili.

"Takwimu," akasema Mhairi.
Asilimia sabini na moja walizamisha.
Ishirini na sita walimtoa mtoto.
Na hizo tatu zilizobaki?
Struan akacheka: hao hawakugusa kitu, labda waliitwa kula.
Na kwa kuwa alisahau kuwaandikia mwisho
kulikucha tu. Lango likajifunga lenyewe.
Kosa la programu. Tulilirekebisha mwezi uliofuata.

Sikusema kwamba katika hizo tatu nimo.

Enzi hizo nilikuwa nakunja mashuka ya hospitali usiku,
chumba changu cha Hilltown kikinuka sabuni ya wagonjwa.
Nilifika langoni saa kumi alfajiri.
Ivo akaniangalia, taa ikimtetema mkononi,
nami nikakishika kidhibiti
kama aliyepewa mtoto wa watu amshike kidogo,
nikasinzia.
Nilipofumbua macho
jua la uongo lilikuwa limepanda juu ya Halda,
mwokaji anafungua dirisha, Ivo kalala kwenye ngazi.
Nikalia, sijui nalilia nini,
halafu nikaenda kupiga mswaki.

Ami Shekue, kule Pangani, alizipima hadithi
kama sonara: nani kapokea kwa nani,
nani alikuwa msahaulifu, nani hakuwahi kufika mji ule.
Hii sahihi. Hii dhaifu.
Na ile dhaifu hakuitupa,
aliiandika pembeni, kwa penseli.
"Dhaifu si uongo," aliniambia.
"Ni shahidi mmoja, na pengine alikuwa na usingizi."

Kura zikapigwa. Mikono tisa juu, wangu ukiwemo,
nakiri, kwani magofu ya chini ya maji yalishachorwa
na mchoraji ana mimba ya miezi minane.
Mhairi akapiga mstari. Basi, imekuwa kweli.
Nikapewa mimi kuiandika
katika kitabu chetu cha mambo yaliyotokea:
Mji wa Halda ulizama, hakusalia mtu.
Mkono haukutetemeka. Mshahara ni mshahara.

Ila mchezo wa nne una soko,
na sokoni yumo mlevi anayeuza kamba za viatu.
Hana jina. Hana kazi yoyote katika kisa.
Ukimpita anakukoromea.
Ukinunua, kisha ukasimama pale
bila kubonyeza lolote, muda wa kuchemsha yai,
atasema:

Mama yangu alitoka Halda.
Anasema maji hayakuja.
Anasema palikuwa na mtu langoni, amelala,
na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Mhairi aliisoma Ijumaa, miwani juu ya paji.
"Huyu ni nani?"
"Mlevi tu," nikasema. "Haaminiki."
Akatazama dirishani, mto Tay umejaa hadi ukutani.
Kisha akaniuliza
hizo kamba za viatu ni bei gani.