Dakika Nne

Sheffield, saa nane usiku. Kwenye skrini
nukta mia sita na kumi na mbili zinashuka ngazi
kama mchele kwenye gunia lililotoboka.
Kompyuta inasema: dakika saba, jengo tupu.

Jumamosi, tulipopiga kengele ya majaribio,
Bi Doreen wa ghorofa ya tisa
aliketi katikati ya ngazi, magoti yamegoma.
Kijana wa pizza, asiyemjua,
akaketi naye, akamshikia mkoba.

Programu ikiwaona wawili hao
huwaita kizuizi.
Nimelifuta neno hilo.
Nimeipa nukta moja amri mpya:
ukimkuta aliyeketi, simama.

Sasa ni dakika kumi na moja.
Kesho mkuu atauliza
zimetoka wapi hizo nne.