Jina la Kienyeji

Tulilikuta juu ya Mirbat, saa kumi na moja jioni,
kharifu imeshusha ukungu hadi magotini mwa ngamia,
kwenye ufa wa jiwe la chokaa usiotosha kidole.
Jeupe. Shina moja, kikombe chembamba,
tone la ukungu likining'inia mdomoni mwake.
Nikasema: yungiyungi.

Daktari Ghaliya akapiga magoti, akatoa wembe,
akalipasua kwa urefu kama apasuaye bamia.
"Tazama ovari imekaa wapi."
Chini. Chini ya petali, nje ya kikombe,
kijani, imejikunyata kama sarafu kwenye pindo la kanga.
"Yungiyungi la kweli huibeba juu, ndani ya ua.
Hili ukoo wake mwingine kabisa.
Sura tu zimefanana."

Sura tu. Nikacheka peke yangu.
Mama yangu, Bi Muzna binti Nasor,
aliyeshuka Matrah na sanduku moja na mbuzi ya nazi,
aliulizwa dirishani, mbele ya foleni nzima,
kwa nini Kiarabu chake kinatembea kwa visigino vya Wete.
Hakujibu. Alisukuma karatasi.

Nikachimba. Ardhi ya huku haikopeshi:
nusu saa kwa ncha ya kisu, kucha mbili zimekwenda,
ndipo kikatoka kitunguu, kizito, koti juu ya koti,
la nje kahawia, limechakaa kama hati ya shamba;
na kilipochubuka, ute mweupe,
mchungu hata mbuzi, asemavyo Suhail, hakigusi.
Miezi na miezi hukaa humo gizani, hakina jani, hakina dalili.
Si kufa huko. Ni kuweka.

Suhail bin Bakhit, mwenye ngamia,
alilitaja ua kwa lugha ya mlimani,
neno lenye herufi inayopenya ubavuni mwa ulimi.
Nikajaribu mara tatu.
Ngamia wake wakageuka kuniangalia.

Usiku, Salalah, nikajaza fomu.
Kimo: mita mia saba na ushei. Udongo: karibu hamna.
Harufu: nikaandika "tamu", nikafuta, nikaandika "ya usiku".
Mtawanyiko: huku, Yemeni, na ng'ambo, hadi nyika za kwetu.
Nani alimfuata nani, kitabu hakisemi.
Jina la kienyeji: mstari mtupu, mrefu.
Wenyeji wepi?

Nikampigia mama, Maskati. Nikamweleza jani, kitunguu, weupe.
"Aa," akasema, anatafuna kitu, "sisi tukikiita kitunguu-jini.
Mbuzi wa bibi yako alikuwa mjinga, alikila, akafa.
Usikiweke karibu na jiko."

Nikaandika yote mawili, la Suhail kwa herufi za kubahatisha.
Mstari ukajaa, la mama likavuka kisanduku.

Asubuhi nikafungua ubao wa kukaushia.
Petali zilikuwa zimegeuka kioo:
nilisoma gazeti kupitia mwilini mwake,
bei ya nguru, soko la Mirbat,
na nusu ya tarehe.