Ukuta Usiofika Darini

Nyumba ya Bi Msimu, Mburahati, ina vyumba sita
na kuta zake hazifiki darini. Fundi aliishiwa tofali
au marehemu mumewe aliishiwa hela, riwaya ziko mbili.
Basi kikohozi cha chumba cha tatu ni cha wote,
na harufu ya dagaa haina mwenyewe.

Mimi nalala mchana. Natoka zamu Mwananyamala,
miguu imevimba, sare inanuka dawa ya sakafu,
na saa mbili kamili Mwinshehe anafungulia singeli.
Muziki gani ule? Cherehani iliyopandwa na mashetani;
kijana anaimba kama mtu anayedaiwa
na mdai wake yuko kona ya pili.

Wahenga walisema sikio halizidi kichwa.
Hawakupanga Mburahati.

Nikagonga ukuta kwa kandambili.
Akapunguza. Akaongeza. Nikagonga.
Siku ya nne kitu kikaruka juu ya ukuta, kikatua kwenye chandarua:
flashi nyekundu, imeviringishwa risiti ya nondo.
"Sista Tekla, kugonga kwako kunapishana na mdundo.
Jifunze kwanza. Anza na wa tano."

Mdomo huo! Nikacheka peke yangu kama mwehu.
Nikatafuta flashi yangu, nikamjazia Orchestra Mnazi Mkinda,
albamu nzima, ile ya Posho ya Mwezi,
magitaa matatu yanayopishana
kama watu wenye adabu mlangoni.
Nikaandika nyuma ya kadi ya kliniki:
"Usiruke hata mmoja. Dakika tisa ni dakika tisa.
Hakuna anayekufukuza."

Ikarudi Jumapili, na majibu kwa hati ya kuku:
"Wa kwanza: unazeesha.
Wa pili: nilibandika maharage ulipoanza. Yakaiva, bado unaendelea.
Wa tatu: huyu wa tarumbeta kafiwa?
Wa nne sina la kusema. Wa nne nimeurudia."

Wa nne. Huo ndio baba alikuwa akiuweka
alipotaka kumwomba mama radhi bila kufungua mdomo.
Mwinshehe angejuaje? Sikumwandikia.

Na mimi wa tano niliusikiliza, maana haki ni haki.
Sikuupenda. Kichwa kiliniuma mpaka meno.
Lakini usiku wa Jumanne, wodi ya wazazi,
uchungu umewashika watatu kwa mpigo,
umeme umekatika, jenereta linakohoa tu,
nikajikuta natoka kitanda hadi kitanda mbiombio,
mdomo wangu unasema sukuma, sukuma, sukuma-sukuma,
na kiatu kinaitikia sakafuni,
mdundo uleule, wa mashetani walewale.
Mama mmoja wa Kigogo, jasho linamtiririka,
akanikazia macho: "Nesi, unaimba?"
Nikamwambia sukuma.

Sasa Bi Msimu naye, ambaye husikia vyote,
kalalamika kwamba tunarushiana vitu juu ya kichwa chake.
Ijumaa jioni akatoka na kanda ya taarabu,
utepe umechomoza nje kama utumbo wa kuku.
Mwinshehe akaukunja kwa kalamu, taratibu,
mikono ya kuchomelea mageti, hata hakuukata.
Lakini pa kuichezea? Mburahati nzima
hakuna aliyebaki na redio ya kaseti.

Basi akasimama koridoni, sufuria ya uji mkononi,
akatusimulia upande wa kwanza, wimbo kwa wimbo.
Hapa fidla, kasema, zinaingia zimenuna.
Hapa mwimbaji anamrushia mke mwenzie neno
tamu hivyo, hata aliyetukanwa aliomba lirudiwe.
Hapa watu wanatunza. Hapa mimi nilitunza,
shilingi ishirini, nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Uji ukapoa. Mwinshehe kakaa chini, simu kaizima.

Upande wa pili kausahau.
Anasema tusimharakishe, utakuja wenyewe.