Kurasa Nne Tupu

Kitabu kimerudi leo, Jumanne, kikinuka sambaza.
Mama Ntakwinja wa soko la Kadutu amekitua mezani
kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima,
akasema: "Kimefika hadi Bagira. Jalada sijui."

Nilikitoa mwezi wa pili, nakala thelathini,
fotokopi za Nyawera, uzi wa kushonea magunia.
Nyuma niliacha kurasa nne tupu,
juu yake neno moja: "Semeni."
Wasomaji wangu wana miaka kumi na mitatu, kumi na sita.
Nilidhani watasema asante.

Wamesema.

Wa kwanza, kalamu ya buluu, mwandiko unaopanda kama vijia vya Funu:
"Motari gani atakubali mia tano kutoka Bagira hadi Panzi?
Wewe mwandishi hupandi pikipiki?"
Kweli sipandi. Naenda kwa miguu, nahesabu mabati,
na bei nilimuuliza dada yangu aliyehamia Uvira zamani.

Wa pili ameandika jina lake tu, Buhendwa,
mara kumi na moja,
kama anayejaribu viatu dukani.

Wa tatu: "Kwa nini umemuua Cikuru?
Sura nzima ananyoosha waya wa redio,
anamtania dada yake, anatafuna muhogo,
halafu usiku mmoja mvua, udongo, basi.
Mistari mitatu!
Hata mbuzi wa jirani umempa zaidi."

Nimeiacha chai ikapoa.
Mistari ilikuwa tisa. Nilifuta sita,
kwa sababu kaka yangu alipofukiwa na mlima
nasi tulipewa mitatu:
saa, idadi, pole.

Chini yake, kwa penseli, mkono mwingine:
"Sisi pia ilitupata. Mwache mwandishi."

Kuna mwalimu aliyesahihisha kwa wino mwekundu,
akanipa kumi na mbili juu ya ishirini.
Kuna mzazi aliyegandisha ukurasa wa busu kwa uji wa muhogo,
na kuna aliyeubandua kwa mvuke, polepole,
bila kuchana hata herufi,
akaacha alama ya kidole gumba.

Nafika mwisho. Mwisho haupo.
Ukurasa wa tisini na sita umechanwa,
na Mama Ntakwinja anatazama dari.
"Siku ile mifuko iliisha," anasema, "na mteja alikuwa na haraka."
Basi sentensi niliyokaa nayo wiki tatu
imefunga sambaza za franka elfu moja,
ikapanda mlima mkononi mwa mtu,
ikawashia jiko.

Wa tisini na tano unakatika hivi:
"Nsimire akaiwasha redio, akasogeza sikio, akasikia"

Waliofuata hawakujua kwamba palikuwa na zaidi.
Wakamalizia wenyewe.

"mpira, na sisi tunaongoza."
"bei ya mahindi."
"kimya, betri zimekufa, akalala maana kesho kuna mtihani."
"Cikuru akipiga chafya."

Huyu wa chafya hakuweka jina.
Mwandiko mdogo, pembeni kabisa, karibu na tundu la sindano,
kama anayeomba nafasi kwenye benchi lililojaa.

Mimi nilikuwa nimeandika
kwamba alisikia wimbo wa zamani, akalia.

"Sasa?" anauliza Mama Ntakwinja, kikapu kiko kichwani tayari.
"Kuna mtoto wa Cimpunda anakingoja tangu Alhamisi.
Jana alikuja mara mbili. Ananiharibia biashara."

Nampa kiti.
Natafuta sindano, nashona karatasi tatu mpya nyuma.
Kwenye sura ya nne nakata mia tano,
naandika elfu tatu.
Ukurasa wa tisini na sita siurudishi.