Kuchuchumia

Niligeuka kumtafuta aliyenipiga teke.
Nyuma yangu palikuwa na ukuta,
mpira wa kikapu unadunda peke yake,
na Yasna wa kaunta ya vifurushi, mikono mdomoni.
"Umesikia mlio?"
Nilisikia. Nilidhani ni wa mtu mwingine.

Alhamisi, saa tatu usiku, Valparaíso.
Nina miaka arobaini na saba,
na barua za kilima kizima cha Barón
zinanisubiri kesho.

Daktari wa zamu alinilaza kifudifudi,
akaniminya shavu la mguu.
Wayo ulipaswa kuinama kidogo,
kama mtu anayeitikia salamu.
Haukuitikia.
Akaandika kitu kwenye faili, bila haraka,
kama ninavyoandika mimi *hayupo nyumbani*
juu ya barua inayorudi.

Kila anayepiga simu ananiambia: pole.
Daktari ananiambia: polepole.
Kati ya maneno hayo mawili ndimo ninamoishi sasa,
ghorofa ya tatu, bila lifti,
ngazi sitini na nane ninazozishuka kwa makalio.

Sindano ya tumbo kila jioni, damu isigande.
Ya kwanza nilijichoma nimefumba macho,
ya kumi na tisa nikitazama mapishi kwenye televisheni.
Buti lina kabari tatu chini ya kisigino.
Kila wiki mbili inatolewa moja,
na dunia inausogelea wayo wangu
kwa unene wa kidole.
Hili halimo kwenye karatasi ya hospitali:
mwenye magongo mawili hana mkono wa kikombe.
Chai nainywea jikoni, kwa mguu mmoja, kama korongo.

Shangazi anauliza mbona sikupasha mwili moto kabla ya mchezo.
Shangazi, nimepanda kilima kile miaka ishirini na miwili.
Nani hupasha moto jiko linalowaka?

Wiki ya tano, saa kumi alfajiri, ardhi ikatikisika.
Glasi zikaanza kuongea kabatini.
Magongo yakaanguka, yakateleza hadi mlangoni,
kana kwamba yameamua kunitangulia.
Mlango ukagongwa: don Hernaldo wa ghorofa ya pili,
ambaye hatusemezani tangu ugomvi wa kamba ya nguo,
amevaa pajama na kofia ya pikipiki.
"Nimekuja kukubeba."
Ana miaka sabini na mmoja.
Tetemeko liliisha tungali tunabishana
nani ambebe nani.
Siku hizi ananiletea mkate. Kamba bado ni yake.

Millaray, wa mazoezi ya viungo, hapendi hadithi.
Anapima kwa futi ya cherehani:
mguu wa kulia, sentimita thelathini na saba;
wa kushoto, thelathini na mbili na nusu.
Ndugu wawili wa nyumba moja,
mmoja hakuitwa mezani.
"Kano limeunga," anasema. "Chuchumia."
Nashika ukuta. Nachuchumia kwa miguu yote miwili,
na mguu mzima unafanya kazi yote,
kama siku zote ofisini kwetu.
"Sasa mmoja."
Hapo nasikia ule mlio tena,
ingawa chumba kimya na hakuna kilichokatika.
Nyuzi za kidonda zilitolewa mwezi wa kwanza.
Za hofu sijui hutolewa na nani.

Mwezi wa nane nikarudi Barón na mkoba wa nusu uzito.
Nyumba ya kijani, mwisho wa ngazi,
sanduku lake limepigiliwa juu mno;
miaka yote nimemlaani aliyelipigilia.
Nikaangalia huku na huku. Hapakuwa na mtu, ila paka.
Nikasimama kwa mguu wa kushoto.
Kisigino kiliinuka, unene wa kabari moja,
kikatetemeka,
kikashuka.

Barua imeingia nusu.
Nikaiacha hivyo, upepo ukiipigapiga,
nikaanza kushuka kwa mguu unaofikiri
kabla ya kila ngazi.