Kumi na Saba Disemba

Kaunta buku la baba lina mbele na nyuma.
Mbele ni kazi: milimita za mvua, mawingu yalikokaa,
soksi ya upepo ilielekea wapi (mama aliishona mara saba),
ng'ombe wa kina Mwaisumo waliofukuzwa kabla ndege haijatua.
Ukiligeuza kichwa chini, ukaanzia nyuma,
unakuta tarehe moja tu, ikirudi na kurudi.

1903. Ndugu wawili, mafundi baiskeli. Mchangani. Baridi, upepo mkali.
Sekunde kumi na mbili. Futi mia moja na ishirini.

Haya alisimuliwa na fundi wa injini
aliyekwama Mbeya siku mbili akisubiri plagi.
Pembeni, kwa penseli: mafundi BAISKELI!
Maana Asajile, kaka yake, alikuwa na kibanda Mwanjelwa,
na tangu siku hiyo aligoma kuziba pancha ya mtu
asiyemwamkia, "Shikamoo, rubani."
Baba alizipima zile futi kwenye njia ya kurukia: hatua arobaini.
Mimi nilizipima sekunde: toka mlango wa jikoni
hadi chooni, mvua ikinyesha, bila kuteleza.
Ndiyo hiyo tu.

1935. Dakota amezaliwa.

Hivyo hivyo, kama karani wa kliniki;
uzito tu ndio hakuuweka.
Nami nilimwona Dakota huyo, uzeeni mwake,
mkia chini, pua juu,
kama mbwa aliyesikia akiitwa.
Alituletea magazeti ya juzi, barua,
na maboksi ya vifaranga wa siku moja
waliozidi kulia injini zilipozimwa,
sisi watoto tukaapa ndege ametaga.

1967. Jumapili. Wingu limekaa chini, Loleza haionekani.
Imezunguka mara tatu. Tumeisikia, hatukuiona. Imerudi.

Mstari mtupu.
Kisha, kwa wino mwingine: Lusajo.

Alikuwa na miaka minne.
Dawa ilikuwa kwenye boksi dogo la barafu
nyuma ya kiti cha rubani.
Mama alisimama uani, hajavua nguo za kwaya,
akaufuata mlio kwa kidole,
hivi, na hivi, na hivi,
mpaka kidole kikaelekea Iringa
kikabaki huko.

1968. Hakuna ndege. Makopo kumi na mawili, mafuta ya taa,
yamewashwa saa kumi na moja alfajiri.
1969. Makopo.
1970. Makopo. Mvua imezima manne, nimeyawasha tena.

Mkubwa wa uwanja alimuuliza anammulikia nani.
Baba alijibu kwamba anajaribu tambi.
Akazijaribu hadi mwaka wa kustaafu,
na mwaka mmoja baada yake,
akipita kwenye tundu la uzio kama mwizi.

Uwanja umehamia Songwe sasa.
Pale pa zamani, nikipita, bado macho yangu
yanatafuta ng'ombe wa kufukuza.
Daftari ninalo mimi. Wajukuu wananiambia
siku hii ina mambo mengine, makubwa, ya dunia nzima,
wanayo kwenye simu, niyaongeze.
Nafasi ipo, nawaambia.
Mwandiko ndio sina.

Mwaka jana tu niliandika.
Nilikuwa nimesimama kwenye uzio wa Songwe
nikimsubiri mtoto wa Asajile, na ukungu
umenilowesha kitenge hadi mabegani.
Niliegemeza daftari kwenye goti:

Wingu limekaa chini. Imezunguka mara mbili.
Tumeisikia.
Imetua.