Visogo Ishirini na Vitatu

Nahesabu visogo, maana nyuso hazitulii.
Ishirini na vitatu. Sweta za rangi ya udongo,
maji ya kunywa kwenye chupa zilizokuwa za mafuta ya kupikia.
Nikawaambia langoni: Isecheno hatuji kuona,
tunakuja kunyamaza.
Wakanyamaza kama sufuria ya maharagwe.

Niliwaahidi mbega. Mbega hawakuja.
Juu ya mkuyu palikuwa na upepo tu,
na Lumiti wa darasa la nne akauliza kwa adabu:
"Mwalimu, kwani wao hulipwa wakija?"

Tulichokipata ni siafu.
Kamba nyeusi imekata njia, inatembea yenyewe.
Rukeni, nikasema. Wakaruka.
Shisia akasimama kwanza kuwatazama
na baadaye akavua suruali mbele ya darasa zima,
ndipo hondohondo akacheka juu yetu,
naapa alicheka,
akaondoka, mabawa yakivuma
kama mtu anayekung'uta mkeka.

Vichwa vyote juu.
Isipokuwa cha Khasandi, anayekaa karibu na mlango,
ambaye tangu muhula uanze
nimemsikia akisema "nipo" na basi.
Kidole chake kilielekea chini, kwenye gogo lililooza:
ndege, mdogo, rangi ya majani makavu,
anapekua takataka kama aliyepoteza sarafu.

Miaka kumi na mmoja nimepita njia hii.
Nina kitabu cha picha, nina darubini ya kuazima.
Sikumjua.

Khasandi aliniinamisha kwa mkono wa sweta,
akanipa jina, la bibi yake,
fupi, kama kokoto inayotumbukia kisimani.
Sitaliandika hapa. Nilipewa sikioni.
Maana yake tu nitawapa:
yule anayebisha hodi kwa mvua
mvua ikishaondoka.

Daftarini waliandika: Mbega, sifuri. Siafu, wengi mno.
Hondohondo, mmoja (ana dharau).
Mstari wa nne wakauacha wazi, wakimtazama Khasandi.

Saa nane mvua ikatukuta kwenye majani chai,
ikatupiga, ikapita kwenda zake Shinyalu.
Nikageuka kuhesabu visogo
nikakuta nyuso,
zote zimeelekea msituni, midomo wazi kidogo,
hakuna aliyewaambia,
maji yakidondoka kutoka kwenye pindo za sweta.

Ni Shisia peke yake aliyesogea.
Alikuwa anajikuna, polepole,
asije akafanya kelele.